Kibanda cha Masikio

Watu wa kurekodi sauti hawaingii chumbani kama watu wengine. Mtu mwingine akiingia mahali hutafuta kiti, au hutafuta uso anaoujua. Wao husimama mlangoni, huinua mikono, hupiga kofi moja, pa!, kisha hutega sikio wasikie kofi lao limekwenda wapi. Likiwarudia upesi hukunja uso. Likififia taratibu huitikia kwa kichwa, kama mpishi aliyeonja mchuzi wa mwenzake ukampendeza bila yeye kutaka.

Basi asubuhi ile ya mkutano wao mkuu, hoteli nzima ilikuwa pa! huku, pa! kule. Mama mmoja wa chai, mnene lakini mwepesi wa miguu, aligeuka kila kofi lilipolia akidhani anaitwa. Mwishowe akatua trei mezani, akashika kiuno.

"Jamani, mnataka chai au mnaua mbu?"

"Tunasikiliza chumba, mama," akamjibu mzee mmoja mrefu mwenye shati la mistari.

"Na chumba kinasemaje?"

"Kinasema dari lenu liko chini mno."

"Basi kamwambie mwenye hoteli. Mimi ni wa chai."

Mzee huyo wa shati la mistari alikuwa Mjomba. Na yule msichana nyuma yake, aliyebeba mifuko miwili na koti lisilo lake huku akibana kicheko, alikuwa Mpwa. Alikuwa na jina lake kama kila kiumbe, lakini kwa kuwa Mjomba alimwita Mpwa tangu siku ya kwanza studioni, waimbaji nao wakamwita Mpwa, wapiga gitaa wakamwita Mpwa, hata muuza maji wa jirani, ambaye hana undugu naye hata wa kuokota njiani, alimwita Mpwa na kumuulizia hali ya Mjomba kana kwamba ni mjomba wa mtaa mzima.

Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la kushonea nguo. Ukutani walikuwa wamebandika magodoro ya sponji na mablanketi ya zamani. Wakitaka kurekodi, Mjomba hugonga ukuta kwa kisigino cha kiatu, na mafundi cherehani wa upande wa pili huinua miguu yao juu ya pedali wakanyamaza. Wimbo ukiisha, anagonga tena, na cherehani zinaanza upya kama mvua iliyokuwa imesimama mlangoni. Mpwa aliingia mle kukunja waya na kufagia. Hakufundishwa kwa maneno. Alikaa pembeni akatazama mikono ya Mjomba ikienda na kurudi kwenye meza ya mitambo, mpaka siku moja mikono yake mwenyewe ikawa inajua njia.

Ila kulikuwa na jambo. Kwa muda sasa, nyimbo zilizotoka kwenye studio ile zilikuwa zinakata kama wembe. Besi ilikuwa nzuri, ngoma zilikuwa mahali pake, lakini zile sauti nyembamba za juu, mluzi wa pumzi na kelele za matoazi, zilipandishwa mpaka msikilizaji anasikia meno yanamwasha. Kwaya moja ya kina mama ilikuwa imeshaaga.

"Mzee," kiongozi wao alisema, "mbona tunasikika kama tunaimba ndani ya kopo la bati?"

"Ni redio zenu za nyumbani hizo," Mjomba akajibu, na hakusema uongo, maana ndivyo alivyoamini.

Sasa ilibaki kwaya moja tu, na ilikuwa inakuja Jumatatu. Nayo ikiondoka, mwenye nyumba alishasema wazi kwamba mwenye duka la nguo anavitaka vile vyumba awe anahifadhia vitambaa. Mpwa alijua tatizo liko wapi. Alikuwa amelijua tangu jioni ile walipokuwa wameketi barazani kwa Mjomba, nyenje wanapiga kelele za kutoboa kichwa, naye Mjomba akasema kwa masikitiko, "Siku hizi hata nyenje wamehama." Mke wa Mjomba na Mpwa wakatazamana.

Mzee alikuwa hasikii tena sauti za juu. Na kwa kuwa hazisikii, alikuwa anaziongeza mpaka azisikie, na hapo ndipo wenzake walipoanza kuumwa vichwa.

Asubuhi ya safari ndipo mke wa Mjomba alipomvuta Mpwa jikoni. "Mimi nikimwambia anasema namsimanga. Ndiyo mambo ya mke na mume. Lakini nimesikia huko mkutanoni kuna daktari wa masikio anapima watu. Mfikishe, mwanangu. Usinirudishie mzee hivi hivi alivyo."

"Nitamfikishaje, mama? Ni mtu mzima."

"Punda naye ni mtu mzima, na mtoni anafika."

Kibanda chenyewe kilikuwa karibu na ngazi. Kilikuwa kama kabati kubwa jeupe lenye kidirisha cha kioo, na mbele yake daktari wa masikio, mama wa makamo mwenye koti jeupe, ameketi na mikono mapajani akisubiri. Ajabu ni kwamba hakukuwa na mtu. Watu walewale waliokuwa wakisukumana kwenda kushika maikrofoni mpya upande wa pili, wakifika pale walikata kona. Wote waliishi kwa masikio yao, na hakuna aliyetaka kuletewa habari zake. Mjomba alipita pale akitazama dari, kama mbuzi anayepita mbele ya bucha.

"Mjomba, pale wanapima masikio," Mpwa akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

"Nimeona."

"Bure."

"Hata kunyongwa ni bure." Akatembea hatua kadhaa, akasimama. "Kwani wewe umeona masikio yangu yana nini?"

Hapo ndipo pa kusema. Mpwa alikuwa ameyapanga maneno tangu kwenye basi, la kwanza, la pili, mpaka la mwisho. Akamtazama Mjomba, akaona jinsi alivyofunga kifungo cha juu cha shati ambacho siku zote hakifungi, kwa heshima ya mkutano.

"Hayana kitu, Mjomba," akasema.

"Basi twende tukawahi viti." Mjomba akachukua koti lake kwake, akalivaa.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini Mpwa alikuwa amevua ndala tu, na sasa alizivaa tena.

Darasa la asubuhi lilikuwa la fundi mmoja waliyemwita Miwani, kwa sababu miwani yake ilikaa kwenye paji la uso mwaka mzima, haijulikani inaona nini kule. Alikuwa na sifa kwamba nzi akikohoa chumba cha tatu, yeye anamwambia pole. Mbele yake, juu ya meza, alikuwa ameweka mtambo wa kurekebisha sauti, kisanduku cha chuma chenye vitufe vya kuzungusha, na pembeni spika mbili ndefu kama walinzi.

"Ndugu zangu," akaanza, "kitufe hiki kinapandisha sauti za juu kabisa. Zile ambazo mtu wa kawaida hazijui, lakini akikosa anahisi kama amekula chakula bila chumvi. Nitacheza wimbo, nitazungusha pole pole. Ukisikia tofauti, nyosha mkono."

Wimbo ukaanza. Mwanamke mmoja, gitaa moja. Miwani akashika kitufe kwa vidole viwili, kama mtu anayechuma ua la jirani, akazungusha.

Mikono ikaanza kunyooka. Kwanza safu ya mbele, halafu katikati.

"Ehee!"

"Hapo, hapo! Imefunguka."

"Imepata hewa," akasema mtu wa nyuma, amefumba macho.

Mpwa naye alinyosha mkono. Alisikia kweli. Alisikia kama vile yule mwimbaji alikuwa amejifunika shela na sasa ameifunua. Akafurahi moyoni, maana alikuwa na shaka kama yeye, msichana wa kukunja waya, ataweza kusikia wanachosikia mabingwa. Kisha akageuka kidogo kumtazama Mjomba, na furaha ikamkauka. Mikono ya Mjomba ilikuwa juu ya magoti. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Na yupo ambaye bado hajasikia?" Miwani akauliza. Aliuliza kwa utani tu, na watu wakacheka, kama wanavyocheka mtu akiuliza nani hapa hajui kutembea.

Mjomba akasimama.

Mpwa akamshika pindo la koti akavuta chini. Mjomba akasimama hivyo hivyo, koti limeshuka bega moja.

"Mimi," akasema. "Mimi sisikii tofauti yoyote."

Kuna mtu alisema "Masikini," taratibu, lakini ukumbi ule dari lake lilikuwa la chini, na neno likafika kila mahali.

"Labda ni kwa sababu umekaa pembeni, mzee wangu," Miwani akasema kwa upole. Akazungusha zaidi. "Na sasa?"

"Bado."

"Nimefika mwisho sasa. Hapa hata mbwa wa jirani anaziba masikio. Bado?"

"Kijana, hata ukikizungusha mpaka king'oke. Mimi sisikii."

"Basi ngoja nikusogezee," akasema Miwani, akaushika mtambo kwa mikono miwili ili auelekeze kwa Mjomba, kana kwamba sauti hutokea mle kama moshi. Mtambo ukaja wote. Ukaja mwepesi, bila kushikwa na chochote, waya wake mmoja tu wa umeme ukiburutika, na ule waya mwingine, wa kuleta wimbo, ulikuwa umelala juu ya meza haujachomekwa popote. Na wimbo ulikuwa bado unaendelea. Mwanamke anaimba, gitaa linalia, kutoka kwenye mashine ya kuchezea nyimbo moja kwa moja hadi kwenye spika, bila habari na kitufe cha mtu yeyote.

Miwani akautazama ule waya. Watu wakautazama ule waya. Kitufe kilikuwa hakijagusa hata nukta moja ya ule wimbo tangu mwanzo.

Mikono iliyokuwa juu ikaanza kujikuna vichwa.

Kisha kicheko kikalipuka, kile cha kushika mbavu na kumpiga mwenzako begani. Na katikati ya kicheko watu wakaanza kugeuka nyuma kumtazama Mjomba, na kumshangilia. Ukumbi mzima wa masikio yaliyosifika, mtu mmoja tu ndiye aliyesikia kwamba hakuna cha kusikia!

"Masikio ya chuma!"

"Mzee, hayo masikio uliyanunua wapi?"

Miwani alishuka jukwaani akamkumbatia mbele ya watu. "Nimeaibika," akasema, "lakini nimeaibishwa na bingwa. Mchana tuna nyimbo tatu za kushindanisha. Mzee, wewe ndiye mwamuzi. Sitaki kusikia la."

Na kabla Mjomba hajapata la kusema, makofi yalikuwa yamemfunika.

Wakati wa chai walimzunguka kama nyuki. Mmoja alitaka kujua anakula nini. Mwingine aliuliza kama ni kweli kulala upande wa kushoto kunasaidia. Mjomba alishika kikombe kwa mikono miwili na kujibu kila swali, "Mungu ndiye anajua." Nao wakasema, tazama unyenyekevu wake.

Mpwa alisimama ukutani na chai iliyokuwa inapoa. Mambo mawili yalimkaa kooni. La kwanza, mtu akishaitwa masikio ya chuma mbele ya kadamnasi, utamwambiaje akapimwe? La pili lilikuwa baya zaidi. Yeye mwenyewe alinyosha mkono. Alisikia shela ikifunuliwa, na hakukuwa na shela. Kama masikio yake yanaweza kumtungia kitu kizima namna ile, je, ule wembe anaousikia studioni upo kweli? Labda Mjomba ndiye mzima, na yeye ndiye mgonjwa. Labda kina mama wale kweli redio zao ni mbovu.

Alipoinua macho, Mjomba hakuwepo. Kikombe chake kilikuwa dirishani, kimejaa.

Mpwa hakuwa mtu wa kukimbiakimbia. Akatazama. Watu wote walikuwa wanaelekea kwenye maikrofoni na spika, mahali pa kelele. Kwa hiyo akaelekea upande usio na kelele, akapita mlango wa nyuma ya jukwaa, akamkuta Mjomba kwenye chumba cha viti vya akiba, ameketi juu ya rundo la viti, miguu inaning'inia kama ya mtoto. Koti ameliweka mapajani.

"Umenipata," akasema.

"Nimekupata, Mjomba."

"Wapo wananitafuta?"

"Wanataka kukupiga picha."

"Uwii."

Mpwa akabaki amesimama. Sasa hakuwa na maneno yaliyopangwa, maana yale ya kwenye basi yalikuwa yameshaharibika. Akasema tu, "Mjomba, mimi nataka twende pale kibandani. Nyimbo zetu zinakata. Sijui kama ni masikio yako au ni yangu. Nilikuwa nadhani ni yako. Sasa sijui tena."

Alingoja ghadhabu. Mjomba akamtazama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Mpwa akadhani analia, kumbe mzee anacheka.

"Unajua nilisimama kusema nini pale?"

"Ulisema husikii tofauti."

"Ndiyo! Nilisema sisikii! Mtoto wa dada yangu, mimi nilisimama kutubu. Niliona watu wote wananyosha mikono, hata wewe. Nikasema basi, yamekwisha, masikio yamekufa, hapa hapa niseme mbele za watu niondoe mzigo. Nikajikaza, nikasimama. Nikasema sisikii." Akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Wakanipa uamuzi!"

Hapo Mpwa naye akashindwa. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kila alipotaka kunyamaza, Mjomba alisema, "Wakaniuliza nakula nini," na wakaanza tena.

"Ulijua tangu lini?" Mpwa akauliza walipopata pumzi.

"Tangu birika la chai lilipoacha kupiga mluzi. Nilinunua jingine. Nalo likakataa." Akashuka kwenye viti, akavaa koti. "Haya. Twende wote wawili. Wewe uliyesikia kisichokuwepo, na mimi nisiyesikia kilichopo."

Daktari wa masikio alipowaona wanasimama mbele yake hakuamini. "Choo kiko kule kulia," akasema.

"Hatuulizi choo," Mjomba akasema. "Tumekuja kupimwa."

Daktari akainuka upesi, kama mwenye duka aliyeona mteja wa kwanza wa siku, na mlango wa kibanda akaufungua mwenyewe.

Mjomba aliingia kwanza. Alivikwa hedifoni, akapewa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio, hata mdogo vipi. Kupitia kidirisha Mpwa alikiona kidole gumba chake. Mwanzoni, milio ilipokuwa minene, kidole kilibonyeza kwa kujiamini, mara hii, mara hii. Daktari alipanda juu kidogo, kidole kikabonyeza. Akapanda tena. Kidole kikasita, kikabonyeza kwa kubahatisha. Akapanda tena, na tena. Kidole kikatulia. Mjomba alikuwa ameketi wima, macho mbele, anasikiliza kwa bidii yake yote mahali ambapo kwake hapakuwa na kitu, na Mpwa akajikuta ameshika kitasa cha mlango.

Kisha ikawa zamu yake. Ndani mlikuwa na kimya cha kusikia damu yako. Milio ikaanza, naye akabonyeza. Minene, ya katikati, nyembamba. Akatupa jicho kidirishani, akaona Mjomba amesimama nyuma ya daktari, miwani yake ya kusomea imemteleza puani. Hakuwa anamtazama Mpwa usoni. Alikuwa anatazama mkono wa daktari unaopandisha mlio, na kidole cha Mpwa kinachobonyeza. Mkono unapanda, kidole kinabonyeza. Mahali ambapo kidole chake kilikuwa kimelala, kidole cha mpwa wake kilikuwa bado kinakwenda, na kikazidi kwenda. Mpwa alidhani ataona huzuni. Badala yake mzee alianza kuitikia kwa kichwa, pole pole, kila kidole kilipobonyeza.

"Mzee," daktari akasema walipotoka, "chini na katikati masikio yako ni ya kijana. Juu, spika za miaka mingi zimekula. Hayarudi, lakini hayaumwi."

"Kwa hiyo juu wamehama wapangaji."

"Wamehama. Na wewe binti, yako hayana kasoro."

"Mbona basi nilisikia kitufe ambacho hakikuchomekwa?"

Daktari akacheka. "Hapo ulisikia kwa macho. Uliona mkono unazunguka, kichwa kikamalizia. Hilo halina dawa. Hata mimi ninalo."

Mjomba alitoa simu akampigia mkewe pale pale. Mpwa alikuwa amesimama kando, lakini sauti ya simu ilifika mpaka ngazini.

"Umepimwa? Haya! Nani alisema?"

"Wewe ulisema."

"Nani? Rudia, sijasikia."

"Na wewe tena husikii? Njoo upimwe." Akakata simu akiwa anatabasamu, lakini alipoirudisha mfukoni mkono wake ulichukua muda kuupata mfuko.

Mchana Miwani alimpandisha Mjomba jukwaani kwa sifa ndefu. Mjomba akachukua maikrofoni.

"Kabla sijakaa hapo," akasema, "asubuhi niliwaambia sisikii. Mlidhani ni ubingwa. Nilikuwa nasema kweli. Sauti za juu kwangu zimekwisha. Nimetoka kibandani sasa hivi."

Watu wakacheka. Akangoja. Wakacheka tena, kidogo kidogo, halafu kicheko kikakosa mwenyewe.

"Mnacheka nini? Kitufe kile kingekuwa kimechomekwa, ningewajibu vile vile."

Miwani akaishusha miwani yake kutoka kwenye paji la uso, akaivaa, kana kwamba sasa ndipo anamwona.

Ndipo mama mmoja mzee kutoka safu ya katikati, ambaye wote walimwita Bi Kanda kwa kuwa alianza kazi enzi za kanda za sauti, akapaza sauti. "Wewe mzee, hatukukuomba uhukumu mbu. Tulikuomba uhukumu wimbo. Kaa chini."

"Siwezi kuhukumu nusu wimbo, dada yangu."

"Basi tafuta mwenye nusu ya pili!"

Mjomba hakutafuta. Alimwonyesha Mpwa kwa kidevu, na Mpwa, ambaye maisha yake yote alizoea kukaa pembeni akitazama, alijikuta anapita kati ya viti na mifuko yake miwili, maana hakujua pa kuiacha.

Walikaa meza moja, kiti kwa kiti. Wimbo wa kwanza ukachezwa. "Besi inapwaya," Mjomba akanong'ona, "kama suruali ya kuazima."

"Juu ni kuzuri," Mpwa akanong'ona, macho ameyafumba. Asubuhi ilikuwa imemfundisha.

Wa pili. "Chini kumekaa vizuri sana. Vipi juu?"

"Kunakata, Mjomba."

"Kama... kama kwetu?"

Mpwa alifungua jicho moja. Mzee alikuwa anatazama meza. "Kama kwetu," akasema.

Mjomba akaitikia, akaandika kitu, akakifuta. Wimbo wa tatu ulipoanza hawakunong'ona. Katikati ya ubeti wa pili walitazamana tu, na Mpwa akaona kwamba mzee ameushika ule wimbo kutoka chini, kama yeye alivyoushika kutoka juu, na hakuna kilichokuwa kimebaki bila mwenyewe. Wakautaja huo. Ukumbi ukakubali, isipokuwa wale wawili walioshindwa, ambao walinuna kama inavyotakiwa.

Watu walipoanza kutoka, Mjomba alibaki ameketi, anakunja na kukunjua kona ya kitambaa cha meza.

"Jumatatu kwaya wakija, tukae hivi hivi," akasema.

"Sawa, Mjomba."

"Meza ya mitambo ina kiti kimoja cha katikati."

Mpwa alijua kile kiti. Kilikuwa kimeshonewa ngozi mara nyingi na wale mafundi cherehani wa jirani, na kilikuwa na umbo la mtu mmoja tu.

"Kaa wewe," Mjomba akasema. "Mimi nitavuta kigoda ubavuni. Za juu ni zako, sitaki hata kuziuliza. Lakini besi ukiigusa bila ruhusa yangu, tutagombana mpaka cherehani zisimame."

"Besi ni yako."

"Na kina mama wale waliotuaga, nitakwenda mwenyewe kuwaambia kwamba redio zao ni nzima."

"Nikusindikize?"

Mjomba akafikiri. "Nisindikize," akasema, akachukua mifuko yote miwili kabla Mpwa hajainama. "Wakianza kunisema, kuna maneno yao mengine sitayasikia vizuri. Wewe utaniambia ni yapi, ukipunguza makali kidogo."